Plastiki Isiyorudiwa Kiwandani

Juni 10, 2025, jumba la mnada la Yongle mjini Beijing lilinadi sanamu ya mhusika Labubu yenye rangi ya kijani cha mnanaa na kimo cha sentimita 131. Mnada ulipofungwa, bei ilikuwa imefika yuani milioni 1.08, yaani takriban dola 150,000 za Marekani. Kilichonunuliwa ni PVC, yaani vinili, plastiki ya jamii moja na mabomba ya maji. Wenye mnada walisema sanamu ya namna ile iko moja tu duniani.

Mwezi huohuo kampuni ya Pop Mart, inayomtengeneza Labubu, ilifungulia wateja wa mtandaoni shehena kubwa ya Labubu wadogo wa kuning'iniza kwenye mikoba. Walanguzi waliokuwa wakiwauza kwa bei iliyozidi ya dukani mara kadhaa walishuhudia bei ikiporomoka kwa siku chache. Mhusika ni yuleyule aliyebuniwa na Kasing Lung, msanii mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi. Kilichowatenganisha yule wa mnadani na hawa wa mikobani ni kwamba wadogo waliweza kutengenezwa tena. Anayetaka kulielewa soko la sanamu za vinili aanzie hapo: fedha nzito hufuata kile ambacho hakuna kiwanda kinachoweza kukirudia.

Mfano bora zaidi uko Japani. Mwaka 1966, vipindi vya televisheni vya Ultra Q na Ultraman viliwatia watoto wa nchi hiyo wazimu wa madubwana, na kampuni ya Marusan ikatoa Godzilla na wenzake kwa vinili laini. Kazi hiyo mpaka leo hufanywa kwa mikono katika karakana ndogondogo. Mchongaji huunda sanamu ya kwanza, nakala yake ya nta hufunikwa metali kwa njia ya umeme, kisha nta huyeyushwa na kuacha kalibu tupu. Vinili ya majimaji humiminwa ndani, kalibu hutumbukizwa kwenye mafuta ya moto, na utando wa nje ukishaganda ziada humwagwa. Baada ya kupashwa joto mara ya pili, fundi huinasa sanamu kwa koleo na kuivuta nzimanzima kupitia tundu jembamba ingali laini. Akichelewa, hainyumbuki tena, akiwahi, inachanika. Rangi hupulizwa baadaye, kiungo kwa kiungo.

Madubwana hayo yalikuwa ya watoto, nao waliyachezea hasa. Waliyagonganisha, waliyapotezea mikono, waliyaacha juani. Mifuko na kadi za karatasi zilizofungia mifuko hiyo zilitupwa siku ileile ya kununua. Marusan ilifilisika mwishoni mwa miaka ya 1960 na waliokuwa wafanyakazi wake wakaanzisha kampuni ya Bullmark. Hakuna aliyepanga kwamba sanamu ya 1966 iliyo ndani ya mfuko wake, na kadi yake juu, iwe adimu. Uadimu wa aina hii ndio unaostahili kuaminiwa zaidi sokoni, kwa kuwa umetokana na maisha ya kitu chenyewe na wala si uamuzi wa idara ya mauzo.

Kizazi kilichofuata kilianza kuhesabu nakala kwa makusudi. Mwaka 1999 Brian Donnelly, msanii wa Marekani anayejulikana kama KAWS, alishirikiana na duka la Bounty Hunter la Tokyo kutoa Companion, mhusika mwenye fuvu na macho ya alama ya X, kwa nakala 500. Mwaka huohuo Michael Lau wa Hong Kong alionyesha kundi lake la Gardener, vijana wa mtaani na ubao wao wa kutelezea. Sanamu zikaingia mikononi mwa watu wazima, na jina la msanii likawa sehemu ya bei. Hilo lilidhihirika mwaka 2019, jumba la mnada la Sotheby's la Hong Kong lilipouza mchoro wa KAWS kwa dola takriban milioni 14.8 za Marekani. Aliyekuwa na Companion wa 1999 kabatini alijikuta anamiliki kazi ya mwanzo ya msanii anayegombewa na matajiri. Vinili haikubadilika hata chembe.

Uadimu wa kupangwa una njia nyingi. Kampuni ya Kidrobot, iliyomzindua mhusika Dunny mwaka 2004, ilichapa kwenye masanduku yaliyofungwa, ambayo mnunuzi haoni kilichomo, kiwango cha uwezekano wa kumpata kila mhusika. Pop Mart nayo huficha mhusika wa siri, ambaye kwa baadhi ya matoleo ya Labubu wa mkobani hupatikana mara 1 katika masanduku 72. Mbinu hizi hupandisha msisimko wa kununua, lakini thamani ya kudumu ni habari nyingine.

Kampuni ya Funko ndiyo iliyolipia somo hilo kwa gharama kubwa. Sanamu zake za Pop zenye vichwa vikubwa zilianza kuuzwa mwaka 2010, na baadhi ya wahusika hutolewa pia kwa toleo tofauti ambalo huwa 1 katika kila 6. Stika ndogo kwenye kisanduku inatosha kuongeza bei, na kona ya kisanduku iliyobonyea inatosha kuishusha. Kampuni ikachapa wahusika wa karibu kila filamu, mchezo na bendi. Machi 2023 ilitangaza kwamba itateketeza bidhaa za thamani ya dola milioni 30 hadi 36, kwa sababu maghala yamefurika na kuzihifadhi kungegharimu zaidi ya kuzitupa. Ni jambo la kusikitisha: kazi ya wachongaji na wapaka rangi ilikwenda jalalani, na walionunua wakidhani wanaweka akiba waliona ni bidhaa nyingi kiasi gani zimekosa mwenyewe.

Umaarufu huleta bandia pia. Labubu halisi ana meno tisa. Wengi wa bandia hukosea idadi, rangi ya uso au maandishi ya chini ya mguu. Kwa sanamu kongwe kazi ni ngumu zaidi, maana kalibu za zamani zimewahi kutumika tena na matoleo ya marudio ni halali kabisa. Mnunuzi makini hutazama mhuri wa unyayoni, mpangilio wa mpulizo wa rangi, na jina la aliyekuwa nayo kabla.

Hata nakala halisi ina adui ndani yake. Vinili laini hupata ulaini wake kutokana na kemikali za kulainisha, na kwa miaka mingi kemikali hizo hutoka taratibu na kufanya ngozi ya sanamu inate. Joto huharakisha jambo hilo, na mwanga wa jua hufifiza rangi. Aliyeko Mombasa au Muscat ana kazi zaidi ya aliyeko Sapporo: kabati la kivuli lenye hewa inayopita, na sanamu zisigusane, kwa sababu kemikali hizo huhama na kuacha doa kwenye sanamu ya jirani. Povu jeupe la kufungashia nalo liondolewe mapema, maana likigusana na vinili kwa muda mrefu huyeyuka na kugandia miguuni mwa sanamu.