Nzi Mweupe wa Mhogo Si Nzi wa Kiazi

Abiria atokaye Kisumu kuelekea Busia, akishapita Maseno na Yala, hakosi kuona kando ya barabara mashamba ya mihogo yenye majani yaliyojikunja na kutiwa mabaka ya manjano. Huo ndio ugonjwa wa batobato. Mwulize mwanafunzi yeyote ni nani auenezaye, naye atakujibu bila kusita: nzi mweupe. Jibu hilo ni la kweli, lakini linaficha mengi kuliko linavyofichua, na nachelea kwamba sisi walimu ndio tuliolizoesha.

Batobato si ngeni kwetu. Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg aliueleza ugonjwa huu kutoka Usambara. Lililokuwa geni ni wimbi lililoanza kaskazini ya kati ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980. Liliteremka kusini kwa mwendo wa kilomita ishirini hadi thelathini kwa mwaka, likavuka mpaka na kuingia magharibi mwa Kenya mnamo 1995. Wapo wakulima walioacha kabisa kupanda mhogo, na katika nyumba iliyozoea ugali wa mhogo na mtama hilo si jambo dogo. Mwaka 1997 wataalamu walionyesha kwamba aina mpya ya kirusi ilikuwa imezuka, mchanganyiko wa virusi viwili vilivyokwisha kujulikana. Basi kirusi kilitazamwa kwa makini. Na huyo akibebaye?

Kitabuni anaitwa Bemisia tabaci, mdudu wa urefu upatao milimita moja, mwenye mabawa meupe kama yaliyopakwa unga. Kwa macho, hata kwa hadubini, nzi wa mhogo na nzi wa kiazi kitamu hawatofautiki. Lakini majaribio yaliyofanywa Ivory Coast, kisha Uganda katika miaka ya 1990, yalionyesha kwamba wale waliotoka kwenye mhogo walishikamana na mhogo, na wale wa mimea mingine hawakuweza kuufanya mhogo kuwa makazi. Si sheria ya chuma, kwani baadaye nzi wa mhogo walipatikana wakizaana juu ya mimea mingine kadhaa huko huko Uganda. Hata hivyo, chembe zao za urithi zilipochunguzwa, jina hilo moja lilionekana kufunika zaidi ya aina ishirini ulimwenguni.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu wa biolojia atalifurahia. Jike wa nzi huyu asiyepandwa hutaga mayai vilevile, ila hutoka madume matupu. Majike hutoka katika mayai yaliyorutubishwa tu. Kwa hiyo aina mbili zikiwekwa pamoja na kizazi kikatoka madume tu, mtafiti hujua kwamba ndoa haikufungwa. Sura ni moja, ukoo ni mbalimbali.

Mwaka 2002 watafiti walitangaza kwamba wimbi la Uganda lilifuatana na kundi la nzi wenye nasaba tofauti na wale wenyeji. Wengi tulidhani mwizi amekamatwa. Lakini miaka ilipopita kundi hilo likawa adimu, ilhali nzi walizidi kujaa mashambani, safari hii wa kundi jingine. Wengine wakauliza kama si mhogo mgonjwa wenyewe uliowalisha vizuri zaidi. Mimi naona fumbo hili lafaa kufundishwa likiwa fumbo. Mwanafunzi aliyezoeshwa majibu yaliyokwisha kukatwa na kushonwa hatakuwa mtafiti, hata akipata alama zote.

Wala somo hili halihitaji maabara. Nzi mzima hutua popote, hivyo kumkuta juu ya jani hakuthibitishi kwamba anaishi hapo. Mtoto wake ndiye shahidi, kwa kuwa akishaanguliwa hutambaa kidogo tu, akajishikiza chini ya jani na kufyonza hapo hapo mpaka apate mabawa. Ligeuze jani. Wahesabu wazima katika majani matano ya juu, kama wafanyavyo watafiti, kisha wahesabu wachanga katika majani yaliyokomaa, kwenye mhogo na kwenye viazi vilivyo karibu. Mkulima aliyeshauriwa kung'oa viazi vyake ili kuunusuru mhogo anastahili kwanza kuonyeshwa hesabu hiyo. Huenda akapoteza chakula cha watoto bure, huku vijiti vya mbegu alivyopewa na jirani ndivyo vilivyouleta ugonjwa shambani.

Nzi hawa hawa pia hueneza michirizi kahawia, ugonjwa ambao tangu 2004 uliripotiwa Uganda na baadaye ukafika upande wetu wa ziwa. Huo huozesha kiazi cha mhogo ardhini huku majani yakiweza kuonekana mazima. Lenzi moja ya mkono yatosha darasa zima, na mihogo mara nyingi ipo ng'ambo tu ya ua wa shule.