Kabla ya Kuziba Ufa, Linda Macho na Mapafu

Fundi mmoja wa Shimoni aliletwa kwangu amejifunika jicho la kulia kwa kanga. Alikuwa akipiga lipu nyumba ya mjomba wake, donge la chokaa likamrukia. Wenzake walimtia mafuta ya nazi, wakangoja matatu, wakafika baada ya saa tatu. Kioo cha jicho kilikuwa kimeshaingia ukungu. Tuliliosha, tukampeleka kwa mtaalamu wa macho, lakini jicho lile halikurudia kuona kama zamani. Ndoo ya maji papo hapo huenda ingeliokoa.

Chokaa yenyewe si adui. Shimoni imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na nyumba za kale za pwani zilijengwa kwa mawe hayo hayo na chokaa. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu, na lipu ya chokaa huuacha utoke. Ukiuziba kwa saruji, unyevu hubaki ndani, kuvu huota, na mwenye pumu hukesha akikohoa. Kwa hiyo anayekarabati nyumba ya kale hakosei kuchagua chokaa. Hatari iko katika kuishika.

Tumbawe likichomwa tanurini hugeuka chokaa kali, ambayo ikimwagiwa maji huchemka. Hata ikishapoa hubaki na ukali wa kuunguza, sawa na saruji mbichi. Ukali huo huzidi kuzama ndani ya jicho kila dakika inayopita. Saruji nayo ni danganyifu: mtu huipigia magoti asubuhi asisikie kitu, na jioni ngozi imebabuka.

Nunua chokaa iliyokwisha kulowekwa ikapoa. Mnunulie fundi wako miwani ya kazi, glavu za mpira na buti. Bei yake haifiki gharama ya jicho. Najua maji matamu ni mali, lakini kazi isianze kabla ya kuweka karibu mtungi wa maji safi.

Chokaa au saruji ikiingia jichoni, fanya hivi:

1. Fungua kope kwa vidole, mimina maji safi mfululizo kwa muda wa nusu saa. Mwambie mgonjwa azungushe jicho, na chembe zilizojificha chini ya kope zitolewe.
2. Usitie ndimu, siki, mafuta wala maziwa. Usilisugue.
3. Kisha nenda hospitali hima, hata kama maumivu yamepungua. Ikiwezekana, endelea kuosha njiani.

Ikimwagika mwilini ikiwa kavu, ipukute kwanza, vua nguo zilizochafuka, ndipo uoshe kwa maji mengi.

Tukipanda juu, kuna mapaa ya asbesto. Kenya ilipiga marufuku vifaa hivyo mwaka 2006, lakini majengo ya zamani bado yanavyo. Paa zima lisiloguswa halina hatari kubwa. Likikatwa, likitobolewa au likivunjwa, hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana ambazo hukaa mapafuni na kuweza kuleta saratani baada ya miaka 20 au 40. Mvuta sigara hujiongezea balaa maradufu. Usilipande, usilisugue kwa brashi, wala vipande vyake usivifanye kifusi cha kujazia sakafu. Kuliondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Usizikwangue kavu wala kuzichoma. Lowesha ukuta kwanza, kusanya magamba yote, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji, na waweke mbali watoto na wajawazito mpaka kazi iishe.

Mwisho, mchanga wa ufuoni usiutie katika zege lenye nondo. Chumvi yake hula chuma, chuma huvimba kwa kutu, na siku moja dari humwangukia aliyelala.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini ukuta hujengwa upya, jicho halijengwi. Kabla fundi hajashika mwiko kesho asubuhi, muulize: maji yako wapi?