Kata, Using'oe: Maisha ya Pili ya Bogenvilia

Mimi ni mmoja wa wale wanaomwagilia maua hapa shuleni. Nimesikia ikisemwa kwamba zile bogenvilia kuukuu zing'olewe, eti zimezeeka, zimebaki miba tu, na pesa zitafutwe za kununulia miche mipya. Jamani, tusifanye haraka! Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwamba bogenvilia iliyozeeka haihitaji jembe. Yahitaji makasi, na yahitaji kukatwa kwa wakati wake.

Kwanza tuijue vizuri. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Jina lake latokana na Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, aliyeizunguka dunia kwa jahazi kati ya 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea aliyesafiri naye, Philibert Commerson, aliuona mmea huu huko Brazili mwaka wa 1767. Na kumbe ile rangi nyekundu au zambarau tunayoisifu si ua! Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilichojificha katikati.

Sasa, kwa nini mmea huzeeka ukawa miba mitupu? Bogenvilia hutoa maua kwenye vitawi vichanga. Kila tawi lina jicho kileleni, na jicho hilo hutengeneza kemikali iitwayo oksini, ambayo huteremka na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Tawi huzidi kurefuka, chini kukabaki uchi. Ukikikata kilele, kizuizi huondoka, macho ya chini huamka, na pale palipokuwa na tawi moja huja mawili au matatu. Ndivyo ilivyo hata kwa mathenge: ukiukata shinani, unarudi na vijiti vingi kuliko mwanzo. Tofauti ni kwamba kwa mathenge twalia, kwa bogenvilia twafurahi.

Swali kubwa ni wakati. Vitabu vingi vya bustani huhesabu miezi ya Ulaya, nasi huku twahesabu mvua. Bogenvilia hupenda kuchanua ardhi inapokauka. Maji mengi huipa majani tu. Kwa hivyo iache ipambe kiangazi cha Jilaal, halafu rangi ikififia na mawingu ya Gu yakianza kukusanyika mwezi wa Machi au Aprili, kata. Nafasi ya pili ni mwisho wa Hagaa, kabla ya mvua za Deyr za Oktoba. Usikate katikati ya Jilaal. Machipukizi yatatoka bila maji, na jua la Garissa litayachoma. Na tusisahau kwamba mvua zenyewe huweza kukosa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 zilikosa misimu mitano mfululizo. Msimu ukiwa wa shaka, punguza ncha tu, usubiri.

Namna ya kukata ni hii. Toa matawi yaliyokufa kwanza. Kisha fupisha yaliyobaki kwa thuluthi moja, juu kidogo ya jicho. Mmea mkongwe sana waweza kukatwa hadi magotini, lakini ni salama zaidi kukata nusu ya matawi msimu huu na nusu msimu ujao. Vaa glavu nene, maana miba yake haina mzaha.

Matawi uliyokata usiyatupe, hiyo ndiyo miche tunayotaka kuinunua! Chagua yenye unene wa penseli, yaliyokomaa kiasi. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, chini mshazari na juu moja kwa moja, ili usije ukapanda kichwa chini miguu juu. Ondoa majani. Toboa mkebe chini, ujaze mchanga wa mto uliochanganywa na samadi kidogo ya mbuzi, iliyokaa muda mrefu. Zamisha nusu ya kipandikizi, weka kivulini, na mchanga uwe na unyevu bila kutota. Maji ya kutawadhia yanatosha sana, mradi hayana sabuni. Mizizi huchukua wiki sita hivi au zaidi. Usivute kuangalia! Vipande vingine vitakufa, basi panda vingi. Siku ya kuhamisha, usiutikise udongo, kwani mizizi yake ni myepesi kukatika. Yale matawi yenye miba yaliyosalia yazungushie miche, mbuzi watapita mbali.

Tahadhari moja. Waridi la jangwani, lile la shina nono na maua ya waridi, nalo huweza kupandwa kwa tawi, ila kanuni ni nyingine. Kipande chake huachwa kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, la sivyo kitaoza. Utomvu wake ni sumu, na katika Afrika Mashariki ulipakwa kwenye mishale. Ukiugusa, nawa mikono vizuri.

Sasa pimeni wenyewe. Mche mpya wahitaji kumwagiliwa mara kwa mara hadi ujitegemee, na kila debe la maji hapa lina jasho la mtu. Bogenvilia kuukuu tayari ina mizizi iliyokwisha kuteremka kutafuta unyevu. Ukiing'oa, umetupa kazi ya miaka mingi ili uanze upya na mtungi mkononi. Ukiikata, mizizi inabaki, na juu yake unapata miche ishirini bila kutoa hata shilingi.

Naomba basi kila darasa lilete mikebe kumi kabla ya mawingu kufunga. Makasi tutaazimana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka maua sharti akubali kuchomwa na miba kidogo.