Je, Wajua? Mtandamboo Hunukia Kama Asumini

Kile kichaka cha miiba kinachorarua suruali kwenye miteremko ya Menengai, juu ya Nakuru, kina maua ya kunukia kuliko mengi ya bustanini. Ni mtandamboo, Wakikuyu huuita mukawa, Wamaasai olamuriaki. Huchanua hasa mvua ikishanyesha: vishada kwenye ncha za matawi, petali nyeupe ndani, waridi mgongoni. Majani hubaki ya kijani mwaka mzima, iwe juani au kwenye kivuli chepesi cha migunga.

Kuupanda hakuna siri. Chuma matunda yaliyoiva hadi yakawa meusi, ule nyama yake (tamu kweli), kisha osha mbegu na uzisie zingali mbichi. Ukiuacha huweza kufika mita 5, ukiparamia miti jirani. Ukiupogoa mara kwa mara hubaki mfupi na mnene, ukafunika ardhi au ukawa uzio ambao mwizi wa kuku ataukwepa.

Ila tahadhari! Kwenye maeneo hayo hayo kuna msunguti, wa ukoo uleule na wenye maua yanayofanana kwa sura na harufu, lakini matawi na mizizi yake huchemshwa kupata sumu ya mishale. Tazama matawi: mtandamboo una miiba, msunguti hauna. Yuko hata panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye singa mgongoni, anayetafuna gome la msunguti na kujipaka mate hayo ubavuni. Mbwa akimng'ata, huenda akafa.