Uwakili wa Moto wa Jikoni: Mtambo wa Biogesi kama Kazi ya Diakonia

Utangulizi

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anapoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana haishii kwenye chakula kilichomo sahanini. Chini ya neno "mkate" anaweka pia nyumba, shamba, mifugo, serikali njema na hata hali njema ya hewa. Twaweza kuongeza kwamba mkate huo hauliwi bila kupikwa, na kwamba kuni na mkaa vinavyoupika vinatoka katika misitu inayohifadhi vyanzo vyetu vya maji. Makala hii inakusudia kueleza namna mtambo wa biogesi unavyofanya kazi, na kuonyesha kwa nini kazi iliyo ngumu zaidi huanza baada ya siku ya uzinduzi.

Hali ilivyo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, ambayo hasa ni moshi wa kupikia. Wanaouvuta zaidi ni akina mama na watoto walio karibu nao. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi, wenye lengo kwamba asilimia 80 ya wananchi wawe wakitumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Wako wanaouliza kwa nini Mwafrika abebeshwe mzigo huu, ilhali hewa ukaa iliyozidi angani imetoka kwa sehemu kubwa katika nchi za viwanda. Swali hilo ni la haki, na Kanisa halina budi kulisema mbele ya mataifa. Lakini mama anayekohoa kwenye mafiga matatu hawezi kungoja hukumu ya kesi hiyo.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na maji kwa kipimo kilicho sawa, kisha humiminwa katika shimo lililojengwa kwa matofali na saruji chini ya ardhi, lenye paa la mviringo kama chungu kilichofunikwa. Humo ndani, pasipo hewa, vijidudu huozesha mchanganyiko na kutoa gesi ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Gesi hukusanyika juu na kulisukuma tope kuelekea chumba cha kutokea. Mpishi afunguapo jiko, uzito wa tope hilo huisukuma gesi bombani. Tope lililokwisha kutoa gesi ni mbolea njema kwa migomba na mboga.

Ng'ombe wawili wanaofugwa zizini, wakitoa kilo 20 za kinyesi kwa siku, huweza kuwasha jiko dogo kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Hiyo yatosha kwa chai, ugali na mboga za jamaa moja. Kwa makande au maharage makavu itabidi kuyaloweka mapema. Haitoshi kabisa kwa shule ya bweni yenye mamia ya wanafunzi, na si haki kuahidi hivyo. Mitambo ya namna hii si mipya kwetu: huko Arusha, kituo cha CAMARTEC, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimeieneza tangu miaka ya 1980.

Kwa nini mitambo hufa

Tuliwahi kuhudhuria uzinduzi wa mtambo katika usharika mmoja. Kwaya iliimba, utepe ukakatwa, wageni wakapiga picha. Tulipopita hapo miaka mitatu baadaye, kuku walikuwa wakilala juu ya mfuniko, na mafiga matatu yalikuwa yamerudi mahali pake. Ng'ombe waliuzwa ili kulipa ada ya shule. Bomba lilikuwa limeziba kwa maji yanayojikusanya ndani yake, kazi ya dakika chache kwa mtu ajuaye. Lakini fundi aliyejenga alikuwa amekwisha kuondoka, wala hapakuwa na mtu aliyefundishwa badala yake.

Hasara si ya fedha tu. Methani ikichomwa hutupikia chakula. Ikivuja kwenye ufa bila kuchomwa, kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto kama mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, kwa kipimo cha miaka 100. Kwa hiyo mtambo uliotelekezwa waweza kuharibu kile kile uliojengwa kukitunza.

Mafundisho kwa sharika zetu

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anasema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Mara nyingi tumemhesabia mfadhili gharama ya saruji, tukasahau gharama ya kila siku. Kabla jiwe la msingi halijawekwa, yafaa baraza la wazee lijibu maswali manne: Je, maji yapo karibu wakati wa kiangazi? Nani atakayechanganya kinyesi kila asubuhi, na je, ameulizwa? Ni kijana gani wa hapa hapa atakayefundishwa ufundi? Ni fungu gani la bajeti litakalonunua bomba na vipuri?

Swali la pili tulitilie mkazo. Mradi unaomwondolea mama mzigo wa kuni na kumtwika mzigo wa ndoo za maji na kinyesi, bila mume wala vijana kushiriki, haujamsaidia.

Hitimisho

Mwanzo 2:15 yatufundisha kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini alime, tena atunze. Wafadhili huja na kuondoka, bali usharika hubaki. Hiyo ndiyo nguvu yetu, nalo ndilo deni letu. Basi, wachungaji wenzetu, tunapoweka mtambo wakfu, tumtaje mbele ya madhabahu hata yule atakayeufungua na kuusafisha, tumwombee, na mwaka ujao tumtembelee.