USIMUUZIE MFUGAJI LAISINI KABLA HUJAMUULIZA MASWALI HAYA 3

Leo ni kwa sisi tunaouza viungo vya chakula cha kuku mtandaoni, hasa kwa wafugaji wa broila.

Mashudu ya soya yakipanda bei tu, meseji zinafanana: "Boss, nataka kupunguza soya, niweke nini?" Kuna mteja wa kuku 200 nilimjibu haraka haraka: toa soya kilo 10 kwenye kila kilo 100 za chakula, weka mahindi, ongeza laisini. Nikauza, nikafurahi. Wiki ya 5 kuku wake wengi hawakufika kilo moja na nusu, na mtu wa chipsi akawakataa. Hasara ikawa yake, kosa lilikuwa langu. Ikabidi nikae chini nijifunze.

KUKU ANATAKA SETI

Protini imejengwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi. Baadhi yake kuku hawezi kuzitengeneza mwenyewe, lazima azile.

Chukulia una vikombe 60 na visosi 40. Utauza seti 40 tu, vikombe 20 vinabaki kabatini. Kwa kuku ni hivyo hivyo. Amino asidi moja ikipungua, zile zilizozidi hazijengi nyama, zinaishia kwenye kinyesi. Ndio maana banda linatoa ile harufu kali inayochoma macho.

Kwenye chakula cha mahindi na soya, ya kwanza kupungua ni methionini, kisha laisini, kisha threonini. Mimi nilimpa laisini peke yake. Halafu kutoa soya kilo 10 na kuweka mahindi kunashusha protini kama asilimia 3 na nusu kwa mkupuo. Hapo hata amino asidi nyingine ambazo sisi hatuuzi zinapungua.

MASWALI YENYEWE

1. Unapunguza soya kilo ngapi, na kuku wana umri gani?
Isizidi kilo 5 kwa kila kilo 100. Vifaranga wa wiki 2 za mwanzo waachwe na chakula chao. Kama fomula yake ilikuwa inakuza vizuri, hizo kilo 5 akiweka mahindi badala yake, anatakiwa kurudisha kwa makadirio: laisini halisi gramu 120, methionini gramu 45, threonini gramu 70. Zote tatu kwa pamoja.

2. Laisini uliyonayo ni ipi?
Soma mfuko. Ile ya 98 ina laisini halisi kama asilimia 78, ile ya 70 ina kama asilimia 55 tu. Ili apate hizo gramu 120, ya kwanza atapima gramu 155, ya pili gramu 220. Kwa hiyo ukiona ya 70 ni rahisi, piga hesabu ya laisini halisi kwanza kabla hujaisifia kwa mteja.

3. Una mzani wa gramu?
Kijiko hapana. Methionini ikizidi sana kuku wanapunguza kula na wanadumaa. Mwambie achanganye kwanza na kilo 1 ya unga wa mahindi, kisha kilo 10, ndipo amwage kwenye chakula chote. Akimwaga moja kwa moja, kuku mmoja atakula nyingi na mwingine atakosa kabisa.

Mwisho mpigie hesabu ya pesa: bei ya soya kilo 5, toa bei ya mahindi kilo 5, toa bei ya hizo amino asidi. Kisichobaki kitu, mwambie ukweli abaki na soya yake. Utakosa mauzo ya siku moja, ila batch ijayo atakutafuta wewe.

Yule mteja wangu nilimrudishia hela ya laisini. Kuku wake sikuweza kuwarudisha.

Ihifadhi posti hii, na mtumie muuzaji mwenzako.