Pima chumvi ya maji kabla ya kununua pampu

Mkulima anayechimba kisima cha umwagiliaji huuliza maswali mawili: maji yako kina gani, na yatatoka mengi kiasi gani. Swali la tatu, yana chumvi kiasi gani, mara nyingi huja msimu wa pili, majani ya maharage yakiwa yanaungua kingo na pampu imeshalipiwa.

Jibu hupatikana kwa dakika moja. Kipima chumvi cha mkononi kina elektrodi mbili zinazotumbukizwa kwenye maji. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ayoni, nazo ndizo hubeba umeme. Kadiri chumvi inavyozidi ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi, na kifaa huonyesha namba kwa desisimensi kwa mita.

Viwango vilivyochapishwa na FAO mwaka 1985 vinasema maji ya chini ya 0.7 hayana tatizo la chumvi, na yanayozidi 3 ni ya hatari kwa mazao mengi. Lakini kila zao lina kikomo chake. Maharage huanza kupunguza mavuno maji yakizidi 0.7, na kwenye 2.4 nusu ya mavuno imekwenda. Nyanya huvumilia hadi 1.7, pamba 5.1. Kisima kinachomfilisi mkulima wa maharage kinaweza kumfaa jirani yake wa pamba.

Hesabu ya shambani inatisha zaidi. Maji ya desisimensi 1, ambayo wengi huyanywa bila kuhisi chumvi, yana takriban gramu 640 za chumvi katika kila mita ya ujazo. Anayemwagilia hekta moja kwa mita za ujazo 5,000 anaingiza zaidi ya tani tatu za chumvi kwa msimu. Mmea hunywa maji na kuiacha chumvi, nayo hubaki pale pasipo mvua ya kutosha au mifereji ya kuitoa.

Huko Pwani kupima mara moja hakutoshi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari, yenye desisimensi zipatazo 50, husogea chini ya ardhi. Daftari la vipimo vya kila mwezi huonyesha mabadiliko hayo mapema.

Hata hivyo, kifaa hiki hujumlisha chumvi zote bila kuzitaja. Hakisemi kama ni magadi, yanayougandisha udongo. Wala hakiyatambui madini ya floridi, tatizo la siku nyingi la visima vya pande za Arusha: maji yenye namba ndogo yanaweza kuzidi kikomo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Floridi ina elektrodi yake, yenye fuwele ya lanthani, iliyobuniwa Marekani mwaka 1966. Kwa kisima kitakachonywewa pia na familia, sampuli ipelekwe maabara.

Anayenunua kifaa achague kinachorekebisha joto chenyewe, kwani kila nyuzi moja ya joto huongeza kipimo kwa asilimia 2 hivi. Anunue pia chupa ya maji ya kusahihishia, yenye 1.413 katika nyuzi 25.